Mzee Aliyeuliza Mpishi Kaenda Wapi

Habari ya kifo chake niliipata Jumatatu asubuhi pale Makadara, Mombasa, nilipokwenda kununua mahamri. "Yule fundi wa kanzu wa Kibokoni amefariki," muuzaji aliniambia akinikabidhi mahamri yangu, "maziko baada ya adhuhuri." Nikasema inna lillahi. Wasomaji wangu mnisamehe, kwani kilichonijia kwanza si kanzu zake, ingawa ninayo moja ambayo hadi leo haijaachia uzi. Nilikumbuka siku alipokula nyama ya Kijapani.

Wakati huo alikuwa amemnunia mdogo wake. Binti wa huyo mdogo aliposwa, na yeye, mkubwa wa ukoo, hakuambiwa. Alisikia barazani, tena kwa muuza kahawa. Kwetu hilo si jambo dogo. Akaapa nikaha hatahudhuria. Wazee wakawaweka kikao mara mbili, kila mmoja akaja na hoja zake, wakaondoka wamenuna zaidi. Methali yasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na laiti ningekuwa na shamba ningekwenda. Binti alilia weee, kisha akafanya hila. Akawaalika wote wawili katika mkahawa mpya wa Kijapani hapa kisiwani, bila yeyote kujua mwenziwe yuaja, na mimi jirani akaniomba nikae katikati. Nilikubali kwa mapenzi, na kidogo kwa uroho. Walipoonana wakasalimiana shingo upande, wakaketi kwa ajili ya binti.

Meza zenyewe zina jiko la makaa katikati na wavu juu yake. Mhudumu akaleta sahani ya nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, akainama kwa adabu, akaenda zake. Mzee alikwisha kuuliza nyama imechinjwa na nani na mchuzi ule mweusi umetiwa nini, akaridhika. Sasa akamsindikiza mhudumu kwa macho.

"Mpishi kaenda wapi?"

"Ami, hapa twajipikia wenyewe," binti akamjibu.

"Basi tumealikwa au tumeandikwa kazi?"

Vile vijiti vya kulia vilimshinda, vikamshinda na mdogo wake, tukaletewa koleo. Koleo lilikuwa moja. Mzee akalishika yeye, akaanza kunihutubia kuhusu heshima ya mgeni, huku nyama yafuka moshi mbele yake. Mdogo wake, ambaye tangu salamu hakuwa ametamka neno, akasema akitazama jiko, "Kaka, geuza. Yaungua."

"Usinifunze."

Lakini aligeuza. Baadaye mdogo akalazimika kusema, "Nipe koleo," na baada ya hapo likawa linakwenda na kurudi mbele ya pua yangu, mmoja akisema hii haijaiva, mwingine akisema yako wewe imekuwa mkaa. Mwisho mzee akachukua kipande kilichoiva vizuri, akakitia katika bakuli la mdogo wake, kama tufanyavyo tukila sinia moja. "Kula, umekonda," akamwambia. Binti akainuka, ati aenda kunawa mikono, akarudi macho mekundu. "Na hiyo nikaha," mzee akamuuliza, "ni saa ngapi?" Alikuwa aijua saa yake vizuri sana.

Sisi watu wa Mombasa twapenda suluhu ya maneno. Twamwita huyu, twamwita yule, twasoma fatiha, kisha twawapa nafasi ya kuhesabiana makosa. Siku ile niliona mikono ikipatana kabla ya ndimi. Na Jumatatu makaburini, aliyeshuka kumpokea marehemu na kumlaza alikuwa mdogo wake, akilia waziwazi. Nilifurahi, ndiyo, nilifurahi palepale kando ya kaburi, kwa kuwa kama si koleo lile, ningalimwona amesimama nyuma pamoja nasi majirani.

Kwa hivyo kama una ndugu mmenuniana, waache wazee wapumzike. Mwalike mle, wiki hii, na nyama iwe mbichi.