Mashahidi wa Setelite ya Baba Mudogo

Juzi mujukuu wangu Anisa alikuja toka Bujumbura, akaniwekea simu sikioni. "Bibi, sikia. Iko setelite ndogo kama boksi la viatu. Wanaitengeneza watu wanaopenda redio tu, hata serikali haimo." Nikasikia ti-ti-ti-ti, ti-ti. Nikamurudishia simu yake. Alidhani kelele imenichosha. Wewe nitakueleza.

Hapa Rumonge tulikuwa na baba mudogo Ramazani, fundi wa redio. Duka lake lilinuka moshi wa risasi ya kulehemu na mawese, maana nyuma ya ukuta ndipo walipokuwa wakikamua mawese. Kazi yangu ilikuwa kufagia, na kufukuza kuku kwenye ndagala, visamaki vya ziwani, za jirani yetu Mama Zaina, zilizoanikwa muchangani hapo mbele. Uhuru ulibaki siku chache. Watu walikuwa wakishona nguo, sisi watoto tukifundishwa nyimbo. Baba mudogo hakushona kitu. Padri mumoja, mupenda redio kama yeye, alimwambia wenzao wa Amerika wamerusha kisanduku, kinazunguka dunia kikitoa salamu kwa milio ya telegrafu, na atakayekisikia awaandikie barua. Basi akafungua redio kuukuu ya padri, akaifunga upya wiki nzima. Yusufu, mukata ngazi, yale mashada ya mawese, akapanda muchikichi na kufunga waya juu.

Asubuhi padri aliyosema kitapita, tulijazana dukani. Kwanza mavumo tu, kama mafuta yanayochemka. Halafu ti-ti-ti-ti, ti-ti.

"Ramazani we!" Mama Zaina akasema. "Umenitoa kwenye ndagala zangu nije kusikiliza kifaranga?"

"Kifaranga kinakusalimia, mama. Itika basi."

Yusufu akapiga kelele toka juu ya muchikichi, "Mimi ndiye niko karibu nacho kuliko ninyi wote!" Tulicheka mpaka salamu ikafifia.

Baba mudogo akaona haya: Wazungu watamwamini vipi fundi wa Rumonge? Akasema ndoa yetu Waislamu ina mashahidi, na jambo hili litakuwa na mashahidi. Mimi nilikuwa nimesoma miaka miwili tu, lakini mwandiko wangu ulisifiwa, akanipa kalamu. Nikaandika saa ya kuanza, saa ya kuisha, na majina: Ramazani fundi, Yusufu mukata ngazi, Hasani mushonaji, Kabura mwalimu, Mama Zaina. Nikataka kuandika na langu.

"Mutoto si shahidi," baba mudogo akasema, akaninyang'anya kalamu. Nililia mpaka jioni, muhogo sikuugusa.

Barua ilipelekwa na padri. Baada ya miezi ikarudi kadi yenye picha ya dunia. Aliipigilia ukutani na chini yake nakala ya orodha ile, nayo kwa mwandiko wangu, na kila aliyeleta redio alisomewa. Vikakaa hapo miaka kumi, vikaiva moshi.

Mwaka wa sabini na mbili damu ilipomwagika huku kwetu, wenye bunduki waliingia duka kwa duka. Nilikuwa uani nachambua maharagwe. Nikasikia mumoja akiuliza, "Hizi saa ni za nini? Na hawa watu, muliongea na nani?"

"Na setelite, afande. Haikusema neno, ilisalimia tu."

Walicheka. Wakabandua ile karatasi na kwenda nayo nyumba kwa nyumba, wakiita majina kwa mupango nilioyaandika. Herufi zangu zilisomeka vizuri sana; hawakukosea hata mumoja. Yusufu alishushwa toka juu ya muti. Hasani alitoka na futi ya kupimia shingoni. Kabura aliomba avae viatu. Mama Zaina alikuwa Minago kununua ndagala. Aliposikia akavuka ziwa kwenda Kongo, na sikumuona tena. Wale wanaume wane walipandishwa lori pamoja. Baba mudogo alipita karibu yangu, hakunitazama. Nadhani aliogopa wataniuliza jina.

Leo duka ni bohari ya sementi, na michikichi ile ilikatwa. Watu wale hawana kaburi, na hata kwenye vitabu vya serikali pale komini hawakuandikwa kwamba walikufa. Huku kwetu ilikuwako karatasi moja tu yenye majina yao pamoja, na mwandiko ulikuwa wangu.