Gari Lililokuja Kusikiliza Kwaya

Juzi nikipita mtaa wa Kabiria niliona gari la kifahari limesimama mbele ya nyumba ya mabati, nami nikasimama. Mimi nina diploma ya muziki niliyoisomea ng'ambo kwa jasho langu mwenyewe, na sijaona anayenishinda kuongoza waimbaji. Lakini kwaya yangu ya kwanza niliianzisha hapo hapo Kabiria nikiwa na miaka tisa, na waimbaji wangu walikuwa watoto wanane wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Alasiri moja mwaka huo, uani kulinuka moshi wa makaa na sabuni ya kufulia. Tulikuwa tukifanya mazoezi lilipoingia gari la tajiri wa baba, kutoka Lavington, ambako baba alimtunzia bustani.

"Amekuja kutusikiliza," niliwanong'onezea wenzangu. "Simameni wima!"

Tajiri akaingia kwetu bila kututazama. Punde shangazi, aliyekuwa ndani na mama, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

"Haya, mwalimu, imbeni."

Tukaimba.

"Tena. Kwa sauti."

"Shangazi, Nekesa amechoka."

"Nimesema tena, mwanangu. Msinyamaze."

Kichwa kilinivimba kwa sifa. Sikujua kwamba kwetu watoto hawaambiwi msiba kabla wazee hawajafika, na kwamba sauti zetu zilikuwa zikifunika kilio cha mama.

Katikati ya wimbo wa nne mlango ukafunguka. Mama alisimama pale miguu mitupu, amekumbatia gambuti za baba, viatu vya mpira alivyovaa bustanini kwa tajiri, zingali na udongo mbichi.

Nikashusha mkono. Waimbaji wote wakanyamaza kwa pamoja, kama nilivyowafunza.