Kumwombea Patron

Jumamosi duka letu la Butembo lilifungwa kwa ajili ya Patron, tajiri wetu Myahudi, Jumapili kwa ajili yetu Wakatoliki. Wateja waliotoka Bulengera kwa miguu walinung'unika, lakini mimi, mshonaji wa barazani, niliipenda sana dini ya Kiyahudi kwa hilo. Siku mbili za kupumzika! Hadi leo naikumbuka harufu ya vitambaa vipya asubuhi za ukungu, na Patron akisafisha koo kabla ya kunisalimu kwa Kiswahili chetu, ambacho alikijua kidogo kuliko alivyodhani.

Uhuru ulipokuja, wanawe waliondoka. Waasi walipokaribia, wazungu wengine walipanda malori kupitia Beni kwenda Uganda. Yeye alikuwa hoi kitandani, na mke wake alikuwa amezikwa mlimani nyuma ya duka. Akakataa kuondoka. Nikabaki kumpikia uji, na moyo wangu haukutulia hata kidogo. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba asiyebatizwa haingii mbinguni, na kwamba mtu akiwa anakata roho, yeyote anaweza kumbatiza. Nilimpenda mzee yule. Sikutaka aungue.

Basi adhuhuri moja, nikidhani amesinzia, nikamsogelea na kikombe cha maji. Akafungua jicho moja.

"Ile maji ni ya kunywa ao ya kichwa?"

Nikaangua kilio. Nikamwambia yote, hata habari ya moto.

"Mutoto yangu," akasema, "hata sisi tuko na moto. Lakini ni ya kusafisha. Hata mutu mubaya sana, mwaka moja tu, anatoka. Ndiyo maana mwana anaombea baba yake miezi kumi na moja. Akifikisha kumi na mbili, ni kusema baba alikuwa mubaya kabisa."

"Batoto yako hapana tena hapa, Patron. Nani atakuombea?"

"Kwetu anaomba mwana, katikati ya wanaume kumi ya dini yetu. Hapa hata wawili hapana. Omba ya kwako. Lakini uhesabu muzuri."

"Na miye? Mutu hapana Muyahudi, kwenu anaenda wapi?"

"Mutu muzuri wa kila kabila iko na fasi kule. Nitakuchungia yako."

Nikampa maji, akanywa.

Alikufa wiki ile. Nilimshonea sanda nyeupe isiyo na mfuko, kama alivyoagiza, tukamzika kando ya mke wake. Kisha waasi wakaingia, duka likaporwa, hata mashini yangu ikaenda. Nikakimbilia kwa mama yangu kijijini Kalunguta, rozari shingoni. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, nilimwombea Patron.

Miezi kumi na mmoja ilipotimia, nikamwambia mama nimemaliza, naye akanishangaa. "Mwaka ni mwaka. Endelea tu, maombi iliua nani?"

Kusema kweli, nilitamani kuendelea. Duka halikuwapo tena, mashini haikuwapo, na maombi yale ndiyo kazi pekee iliyobaki niliyoweza kumfanyia. Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti kwa mazoea, jina lake tayari mdomoni. Mara moja tu, nani angejua?

Nikalimeza. Kama kweli kule kuna hukumu, haikufaa wasikie kutoka kwangu kwamba Patron alikuwa mtu mbaya.