Mtoto Apimwe na Nafsi Yake

Mwanangu, acha kwanza kugombana na hiyo kompyuta na takwimu za wagonjwa wako, nisikilize. Hesabu yako ya kulinganisha kabla na baada mimi niliijulia kwenye gare, stesheni ya treni ya Kolwezi, si darasani. Kampuni ya shaba ilikuwa imeanguka, na majirani zetu wa asili ya mkoa wa Kasai wanafukuzwa. Watu waliozaliwa hapahapa Manika, mtaani kwetu Kolwezi, wakaambiwa warudi kwao! Walilala kando ya reli wakingoja treni, watoto wao wanakonda tunawaona. Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Nilikuwa muuguzi, bado msichana. Mkuu wangu, Tata Mutombo, naye Mkasai, alikuwa akingoja treni hiyohiyo pamoja na mjukuu wake, na bado kila asubuhi alipima uzito wa watoto wa wenzake. Padri mmoja alituletea unga, tukawapikia uji.

Siku moja padri akaja, uso umemshuka. "Wastani wa uzito wa mwanzo na wa leo ni uleule. Uji hausaidii. Unga nitaupeleka mji wa Kasaji."

Mimi, kwa heshima ya padri, nikaanza kukusanya masufuria. Tata Mutombo akanifokea: "Mama, weka chini! Batoto ba mwanzo, mingi balisha kupanda treni. Ba leo balifika jana na njala yabo. Unapima mutoto wa huyu na mutoto wa ule? Pima mutoto na yeye mwenyewe!"

Kumbe watoto wa mwanzo wengi walikwisha kuondoka na treni, na wa leo walikuwa wageni wenye njala; haya, tukaita wale tuliowapima mara mbili. Kwa kila mmoja tukatoa uzito wa kwanza katika uzito wa leo, tukabaki na tofauti yake. Tata akatafuta wastani wa tofauti hizo, kisha mtawanyiko wake, yaani mkengeuko sanifu, akaugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watoto. Wastani ukigawanywa kwa jibu hilo, ndiyo hiyo t ya jozi inayokusumbua kwenye kompyuta. Tofauti zikirukaruka huku na huku, t inakuwa ndogo, huenda ni bahati tu. Zetu zilivuta upande mmoja, wa kuongezeka, na t ikatoka kubwa: uji ulikuwa unasaidia.

"Na walioondoka?" padri akauliza.

"Bale sijue, mon père. Siwezi kubasemea."

Padri akasema unga utabaki. Sufuria ilikuwa bado inachemka treni ilipopiga honi. Tata Mutombo akapanda na mjukuu wake, kisha nikaona mkono wa Tata dirishani umeshika kopo tupu. Nililijaza uji nikilia. Jiko lile sikulizima mpaka treni ya mwisho.

Basi, mwanangu, haraka haraka haina baraka. Kabla hujasema dawa imeshindwa, mlinganishe mgonjwa na nafsi yake. Asiye na kipimo cha pili usimtungie jibu, sema hujui. Na mkubwa akikosea, weka sufuria chini, ubishe kwa adabu. Mungu aimarishe mkono wako kwenye mizani, na mtoto utakayempima leo akute uji kesho.