Jina Ambalo Bibi Hakulitamka

Kila nikifungua daftari la wapagazi wa vita vya Mjerumani, uvundo wa karatasi zake hunirudisha kwenye lile dirisha la afisi, nikiwa mtoto, nimeshika buibui la bibi yangu.

Tulikuwa tumetoka Fumba alfajiri. Bibi alitaka kujua mumewe, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, alizikwa wapi.

"Jina la mumeo?" karani akauliza.

"Baba watoto," bibi akajibu. Kwetu mke hakumtaja mumewe kwa jina, hata akishakufa.

Karani akawageukia wenzake, akacheka. "Huyu hata mume hamjui!"

Nikalitaja mimi, kwa sauti kubwa. Wala hakunitazama. "Hayumo. Nendeni." Hakufunua hata ukurasa mmoja. Bibi akajifunika uso, na mjini hakukanyaga tena mpaka anakufa.

Babu yumo. Nilimkuta, pamoja na mahali alipozikwa, siku ileile nilipokabidhiwa funguo za chumba hiki cha nyaraka.

Leo asubuhi kaja mzee na bakora yake. Kabla hajamaliza kusema, nshaijua sauti, ni ile ya dirishani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta baba yangu. Alikuwa mpagazi, nataka kujua kaburi lake liko wapi kabla sijafa."

Daftari hilo alilikalia miaka yote ile, asilifungue hata kwa ajili ya baba yake. Akanitajia jina. Nalijua, limo mistari miwili chini ya la babu.

Nikaweka kiganja juu ya jalada.

"Hayumo," nikasema, bila ya kufunua hata ukurasa mmoja.