Biringanya za Awatif

Mtaani kwetu hapa Zagazig, Awatif ndiye mwanamke pekee asiyeitwa mama wa mtu. Hakujaliwa. Anafanya kazi maabara ya chuo kikuu, na kazi hiyo humpeleka kwenye milango ya watu kuomba nepi chafu za watoto wanaonyonya. Wanawake humpa kwa ncha za vidole, yeye akiwa nje, kisha humcheka. Midomo ya watu haichoki, nami hunikera sana.

Siku moja alinionyesha anachokitafuta. Alichovya sindano kwenye tone la vijidudu aliowaotesha kutoka kwenye nepi, akainua, ukavutika uzi kama wa mlenda. Ni sukari, akaniambia. Vijidudu wema huiunga tumboni mwa mtoto punje kwa punje, ikawa utelezi wa kuukinga utumbo. Uzi wa Radwa, mjukuu wa Bi Nabawiya, ulivutika kuliko zote alizowahi kuona. Akataka nepi nyingine ahakikishe.

Akaenda akitokea sokoni, kikapuni ana biringanya. Mwezi ulikuwa haujaandama tangu Busayna amzae Radwa, na kwetu biringanya hazimkaribii mzazi kabla ya hapo, maziwa hukauka. Kesho yake yakakauka kweli. Radwa akawa analia njaa, na chupa haitaki.

Bi Nabawiya alimtukana Awatif mtaa mzima ukisikia. Lakini dawa sote tunaijua: aliyeleta balaa hurudi na kitu kile kile, aingie mpaka chumbani, mzazi akiruke. Nikatumwa mimi.

"Wanakutaka, na biringanya zako."

"Mimi mtu wa maabara, shoga?"

"Mtoto ana njaa, Awatif."

Akachukua kikapu.

Bi Nabawiya alifungua mwenyewe. "Ingia," akasema bila kumtazama. "Tanguliza mguu wa kulia."

Busayna akaziruka biringanya, anacheka na kulia. Kisha Awatif akaketi naye kitandani. "Mnyonyeshe tu, mwanangu, hata kama hakitoki kitu. Usimwachishe." Kila mama alipochoka, yeye alimpakata Radwa. Kufika alasiri maziwa yalishuka.

Bi Nabawiya anasema ni biringanya. Mimi sibishani naye.

Tulipotoka nikaona mikono ya Awatif mitupu. Nepi hakukumbuka kuiomba.

"Hivi wewe unaamini mambo haya?" nikamuuliza.

"Miaka yote naomba nepi nikiwa mlangoni," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa ingia. Ningekataaje biringanya?"