Kigae Chini ya Jiwe la Mpaka

Lisemwalo lipo, husema wenye midomo. Na lisilokuwepo nalo husemwa, tena kwa sauti kubwa zaidi. Mtaani wanasema fundi saa alimzunguka mjane akajiongezea hatua mbili za bustani. Si kweli. Mama Rula hajapata kuzungukwa na mtu, na hatua zile zilikuwa za fundi tangu mwanzo.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa miaka thelathini ya kufundisha hesabu na rula ndefu ya mbao kwapani. Alipomuuzia fundi nusu ya bustani iwe kiwanja cha kujenga, hakuuza kwa njaa. Bati lilikuwa linavuja mpaka juu ya kabati la vitabu, naye aliona afadhali bustani ipungue kuliko nyumba ioze. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekaa chumba cha uani, alinuna: bustani ya kaka haiuzwi. Ikauzwa.

Marehemu alikuwa mshika kamba wa wapima ardhi, na alimwachia mkewe neno moja: jiwe hutembea, kigae hakitembei. Basi siku mpima aliposimika jiwe la mpaka mpya, Mama Rula alitia kwanza shimoni kigae cha sahani ya buluu, kiwe shahidi. Fundi hakuwepo, shemeji hakuwepo, naye hakumwambia mtu.

Mvua zikaja. Shemeji akalainika, hata akamlimia tuta jipya la mchicha pembeni mwa jiwe. Kisha fundi akabisha hodi, futi ya chuma mkononi.

"Shikamoo, mama. Kiwanja changu kimekonda."

"Marahaba. Kinaumwa?"

"Nimekipima mara tatu. Hatua mbili hazipo."

Mama Rula alimtazama kama mtoto anayedai daftari lake limeliwa na mbuzi. Mtu anayeshinda peke yake akifungua mali za watu kwa bisibisi hakosi ujanja. Leo anadai hatua mbili, kesho atadai jiko.

"Usimpe hata unyayo, shemeji," mdogo wa marehemu akachochea. "Anakuona mjane."

"Kesho asubuhi tutalifukua jiwe mbele ya majirani," akasema Mama Rula. "Mwenye kuumbuka ataumbuka."

Majirani walijaa. Fundi akang'oa jiwe, akachimba hadi kiwikoni. Udongo mtupu.

"Kigae umekipeleka wapi?" Mama Rula akamkabili.

"Kigae gani, mama?"

Uongo alikuwa ameusahihisha miaka thelathini. Huu haukuwa uongo. Akageuza macho kwa shemeji. Shemeji alikuwa anatazama mchicha.

Mama Rula akachukua jembe mwenyewe. Akahesabu hatua mbili kuelekea jikoni kwake, zikamfikisha katikati ya tuta jipya. Angeweza kuishia pale, akasema amechoka, na hakuna ambaye angejua. Akapiga jembe. Pigo la tatu likatoa buluu.

"Labda mvua imelisogeza jiwe," shemeji akasema.

"Mvua yenye jembe, baba?" akauliza muuza mkaa, na watu wakaangua kicheko.

Mama Rula hakucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo haivuliwi barabarani. Aling'oa mchicha wote, shina kwa shina, akamkabidhi fundi.

"Umeota kwako, ni wako. Nilikudhania mwizi, fundi. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama."

Jiwe likasimikwa juu ya kigae. Jioni ile ufunguo wa stoo, ambao shemeji alikuwa anatembea nao, ulikuwa umerudi kwenye msumari wake, na mlango wa chumba cha uani ulifungwa mapema.

Muuza mkaa hakukubali kulala na swali. Akaja hadi kibarazani.

"Mama Rula, sisi ni majirani. Nani alilisogeza?"

"Jiwe limerudi mahali pake."

"Hilo nimeona. Nauliza ni nani..."

"Na mimi nimejibu. Usiku mwema."